Ukuta ni Wako

Niliwauliza wote, isipokuwa walio karibu.
Miaka tisa Doha, nasimama mlangoni pa hoteli
nikiwafungulia watu milango isiyo yangu,
usiku nalala na simu kifuani
nawauliza nisiowajua:
jamani, kuna nyumba Mtopanga, vyumba vinne,
bati jipya, kisima uani, milioni moja na nusu,
ninunue?

Wakajibu. Loo, walivyojibu!
Mmoja akijiita Baba Hatimiliki,
picha yake ya simba, wala si ya mtu,
akasema, ungenunua jana.
Mwingine, wa Kitale kwa lafudhi yake,
akanieleza ardhi kwa ekari na mahindi,
akanihesabia magunia hadi nikaona njaa.
Wa tatu alinikanya: pwani usiguse, pwani kuna majini.
Kesho yake akataka kuniuzia kiwanja Malindi.
Na dada mmoja, mpole, sauti ya usingizi:
muhimu makaratasi, kaka. Yana muhuri?
Yalikuwa na muhuri.
Yalikuwa na mihuri miwili, mmoja wa buluu.

Sidhani walinidanganya,
na hilo ndilo liniwashalo mpaka leo.
Kila mtu alinipa ukweli wa kwao
nami nikaupanda kwetu, kabichi kwenye mchanga.

Nikatuma pesa. Nikarudi.
Nyumba ipo, sawasawa na pichani,
ila picha haina ulimi: maji ya kisima ni chumvi tupu.
Nikaupapasa ukuta. Wangu.
Nikalala siku tatu usingizi wa wenye mali.

Siku ya nne akabisha kijana mwenye daftari.
— Nimekuja kwa kodi ya ardhi.
— Ardhi ipi?
— Hiyo unayoikanyaga.
Akasoma bila chuki, kama asomaye mita ya stima:
shamba la marehemu Abdulshakur, warithi kumi na saba,
malimbikizo ya miaka sita,
ada ya kubadilisha jina, mbali.
— Ukuta ni wako, bwana. Bati ni lako.
Kuanzia msingi kwenda chini, hapo una wenyewe.
Nyumba bila ardhi. Kwani wewe si wa hapa?

Mimi wa hapa.
Nimezaliwa Bombolulu, mwendo wa sigara moja.
Kila mwisho wa mwezi nilimwona baba
akizihesabu noti juu ya mkeka, akizifunga kwa uzi,
akienda nazo kwa mtu asiyemtaja.
Nilidhani ni za maji.

Nikatoka nje, miguu mizito,
nikakutana na Tsuma na mkokoteni wake wa madumu.
— Nyumba hii? Nimeiletea maji, wewe ni mwenyewe wa tatu.
Wa kwanza alilia. Wa pili alitukana.
— Na mbona hukuniambia?
Akaegemeza mkokoteni, akajifuta shingo.
— Uliniuliza?
Dumu shilingi thelathini. Nilinunua mawili.

Hiyo ilikuwa Rajabu.

Jana usiku simu imewaka kitandani.
Kijana mmoja yuko Jeddah, dereva, anauliza watu:
jamani, kuna nyumba Mtopanga, vyumba vinne,
bati bado linang'aa, mwenyewe ana haraka kidogo,
ninunue?
Picha naijua. Nimeipiga mimi,
asubuhi, jua likiwa upande wa bati,
kisima nimekiacha nyuma ya bega.

Nimeandika: Ndugu yangu, kwanza muulize
Nimefuta.
Nimeandika: Mtaa mzuri, watu watulivu
Sijafuta, sijatuma.

Jina nililojiandikisha si langu.
Picha, nimeweka ya tai.

Alfajiri inaingia. Gurudumu la Tsuma linalia kichochoroni,
linapita mlangoni, halisimami,
na kidole changu bado kiko juu ya kioo.